Koneti ya Pili

Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakatoka jinsi yalivyotoka, nilijifungia chumbani nikaanza kuandika riwaya. Nikajaza kaunta buku tatu. Kila Jumamosi jioni nilizibeba hadi maskani, nikawasomea washikaji sura moja moja, nao wakanisifu kwelikweli. Mmoja akasema mimi ndiye Shaaban Robert wa Temeke. Mwingine akasema riwaya ikitengenezwa sinema, yeye atakuwa wa kwanza kukata tiketi. Kichwa kikavimba. Kwa wiki mbili nikaandika sura nyingine nne ambazo leo nikizisoma naona haya mwenyewe. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Aliyeniamsha ni mzee mmoja, jirani yetu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye bendi za dansi akipuliza tarumbeta. Meno ya mbele hana tena, na tarumbeta yenyewe aliiuza zamani, lakini masikio yake bado makali. Siku hiyo alikuwa barazani kwake, ananisikiliza kwa mbali nikisoma. Watu walipotawanyika akaniita.

"Mwanangu, hii hadithi nani kakusahihisha?"

"Hakuna, mzee. Nimeandika mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho."

"Hilo nimelisikia. Wewe hujakaa koneti ya pili."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba bendini kijana mgeni haachiwi wimbo siku ya kwanza. Anakaa ubavuni mwa mkubwa, anapuliza sauti ya pili, anajazia pale mkubwa anapoacha nafasi, na kazi yake kubwa ni kusikiliza. Akasema hata mkubwa wa wakubwa, Louis Armstrong, alikaa hapo. Kisha adhana ikalia, mzee akaingia ndani kutia udhu, akaniacha na jina hilo.

Basi nikaanza kulitafuta. Nilisoma kila nilichokipata maktaba na kwa marafiki, nikasikiliza rekodi za zamani zenye mikwaruzo mpaka mama akaniuliza kama redio imeharibika. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili yenu wenzangu mnaoandika bila mwalimu, kwa sababu naamini habari hii inatuhusu kuliko inavyoonekana.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Jazz sisi tumelizoea kwenye majina ya bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Hizo zilikuwa bendi za dansi, na muziki wao ulikuwa na damu ya rumba ya Cuba na ya Kongo kuliko ya Marekani. Jina lilivuka bahari, muziki ukawa wa kwetu. Lakini namna ya kumkuza kijana haikutofautiana sana. Mbaraka Mwinshehe, kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973, alikuwa kijana ndani ya Morogoro Jazz, bendi iliyokuwapo tangu miaka ya 1940. Hakuota mwenyewe kama uyoga. Alilelewa bendini. Sasa twende huko lilikotoka jina.

Louis Armstrong alizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, tarehe 4 Agosti 1901. Alizaliwa fukara, baba akaondoka, mama akahangaika. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1913 alifyatua bastola hewani barabarani kusherehekea. Polisi wakamkamata, na kesho yake akapelekwa kwenye nyumba ya kurekebisha tabia za watoto weusi iliyoitwa Colored Waif's Home. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Nyumba ile ilikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na mwalimu, Peter Davis. Mwanzoni Davis hakumpenda mtoto huyu kwa sababu ya mtaa aliotoka. Baadaye akampa tari. Kutoka tari akapanda kwenye ngoma, kutoka ngoma akapewa baragumu ya kuamshia watoto asubuhi, na mwishowe koneti, yaani tarumbeta fupi. Kabla ya kutoka mwaka 1914 alikuwa ndiye kiongozi wa bendi ya watoto. Hebu fikiria: mtoto aliyepelekwa kuadhibiwa ndiko alikokutana na chombo kilichomfanya ajulikane dunia nzima. Kama Davis angeshikilia ile chuki ya kwanza, mambo yangeishia kwenye tari.

Alipotoka alifanya kazi ya kubeba makaa ya mawe kwa mkokoteni, na usiku akazungukazunguka kwenye kumbi kusikiliza bendi. Mpuliza koneti aliyetamba mjini siku hizo alikuwa Joe Oliver, baadaye akaitwa King Oliver, yaani mfalme. Louis alimfuata kama kivuli. Alimtumikia mke wa Oliver, akatumwa dukani, akala maharage na wali jikoni kwao, na malipo yake yakawa mafunzo. Oliver alimwonesha vidole vinavyokwenda na pumzi inavyotunzwa, akampa na koneti yake kuukuu. Louis akawa anamwita Papa Joe. Tazama hapo: ada ilikuwa ni kwenda dukani. Hakuna aliyetoa fomu wala cheti.

Mwishoni mwa miaka ya 1910 Oliver alihamia Chicago, kama walivyohama maelfu ya watu weusi waliokimbia ukandamizaji na ufukara wa kusini kutafuta kazi kaskazini. Nafasi yake katika bendi ya Kid Ory akapewa Louis. Baadaye Louis akapanda meli za starehe za mto Mississippi, kwenye bendi ya Fate Marable. Huko alikuta shule ya namna nyingine. Marable alikuwa mkali, alitaka mtu asome noti, na Louis mpaka hapo alikuwa anapuliza zaidi kwa masikio. Akafundishwa kusoma na wenzake humo humo melini. Kipaji alikuwa nacho tele, lakini bila kusoma noti angebaki hodari wa mtaani tu.

Agosti 1922 ikafika telegramu. Oliver anamwita Chicago, aje kupuliza koneti ya pili katika bendi yake, Creole Jazz Band, kwenye ukumbi wa Lincoln Gardens. Louis ana miaka ishirini na moja, tayari mjini kwao ana jina. Wengi wetu tungeuliza, "Kwa nini ya pili?" Yeye akapanda treni.

Na sasa tuitazame kazi yenyewe ya koneti ya pili, maana hapa ndipo mzee wangu alipotaka nifike. Oliver alipuliza wimbo, Louis akaweka sauti chini yake. Kuna vipande katika wimbo ambapo bendi nzima inanyamaza kwa mapigo machache na wapuliza koneti wanaachiwa uwanja peke yao. Watu walishangaa jinsi wawili hawa walivyotoka pamoja bila kuandikiwa chochote, kama waliokariri wiki nzima. Siri ni kwamba wimbo ukiwa unaendelea Oliver alimdokeza kijana kile atakachokipuliza, naye Louis akakamata palepale na kukitafutia mwenzake. Si mchezo. Ili ufanye hivyo lazima uujue moyo wa mwenzako kabla ya kuonesha wako. Mwaka 1923 walirekodi santuri katika studio ya Gennett, mjini Richmond, jimbo la Indiana. Inasimuliwa kwamba Louis aliambiwa asimame nyuma kabisa, mbali na wenzake, kwa sababu pumzi yake ilikuwa inamfunika mkubwa wake.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mpiga piano wa bendi hiyo alikuwa mwanamke kijana, Lil Hardin, aliyesoma muziki vizuri. Yeye na Louis walioana Februari 1924. Miaka mingi baadaye Lil alisimulia kwamba Oliver mwenyewe alimwambia siri: anajua Louis anampita kwa kupuliza, lakini maadamu anamweka karibu naye, kijana hataweza kumtangulia. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje. Nitasema sababu yake mbele.

Lil hakukubali mume wake abaki wa pili maisha yake yote. Akamsukuma. Louis alisita, kwa sababu Papa Joe ndiye aliyemtoa, na kumwacha kulimuuma kama kumwacha baba. Mwaka 1924 akaondoka, akaenda New York katika bendi ya Fletcher Henderson. Novemba 1925, akiwa amerudi Chicago, akaanza kurekodi na kundi lake mwenyewe, Hot Five, na santuri hizo ndizo zilizowafundisha wapigaji wa dunia nzima maana ya mtu mmoja kusimama mbele na kusimulia kwa chombo chake.

Na Oliver? Fizi zilimwuma, meno yakaharibika, na mpuliza koneti bila meno ni kama mshonaji bila vidole. Mwaka 1927 alikataa mkataba wa Cotton Club kule New York akiona malipo ni madogo, na nafasi hiyo ikamtoa Duke Ellington. Mdororo wa uchumi ukamla akiba. Mwisho wake ulikuwa Savannah, jimbo la Georgia, akifagia ukumbi wa kuchezea pool. Armstrong amesimulia kwamba mwaka 1937 alipita mji huo na bendi yake, akamkuta Papa Joe anauza mboga. Yeye na wenzake wakatoa walichokuwa nacho mfukoni wakampa. Jioni ile Oliver alikuja dansini amevaa kitanashati, kama mfalme wa zamani. Aprili 1938 alifariki. Mwaka 1960 Armstrong alipofika Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, watu walimbeba juu ya kiti cha enzi. Mpaka mwisho wa maisha yake alisema mtu aliyemtengeneza ni Joe Oliver.

Mimi simhukumu Oliver. Alimpa kijana chakula, chombo, mafunzo, na telegramu. Alikosa jambo moja tu: hakujua wakati wa kumwachia. Lakini habari hii ingeishia hapo, tungesema kila mwalimu ana wivu, basi tukakae nyumbani. Haikuishia hapo.

Palepale Chicago, upande wa kusini, kulikuwa na mwalimu wa shule aliyeitwa Walter Dyett. Wanafunzi walimwita Kapteni, maana aliwahi kuongoza bendi ya jeshi la akiba, na darasani alikuwa kapteni kweli. Alifundisha kwanza shule ya Wendell Phillips, kisha DuSable, iliyofunguliwa mwaka 1935. Hakuvumilia uzembe. Ukikosea noti moja katikati ya bendi nzima, aliisikia na alijua imetoka kwa nani. Kila mwaka aliandaa na wanafunzi onesho kubwa la muziki na michezo, na mapato yake yakasaidia kununua vyombo, maana watoto wengi hawakuwa na uwezo wa kuvinunua. Mikononi mwake walipita Nat King Cole, Dinah Washington, Gene Ammons, Von Freeman na Johnny Griffin. Huyu Griffin mwaka 1945 alimaliza shule na siku chache baadaye alikuwa ndani ya bendi ya Lionel Hampton. Dyett hakushindana na mwanafunzi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwatoa mlangoni kila mwaka. Mwaka ukiisha, unakwenda.

Aliyenifurahisha zaidi ni Art Blakey, mpiga ngoma, mzaliwa wa Pittsburgh mwaka 1919. Bendi yake, Jazz Messengers, ilidumu tangu miaka ya 1950 mpaka alipofariki Oktoba 1990. Katika rekodi iliyofanywa klabuni Birdland, New York, Februari 1954, anasikika akiwaambia wasikilizaji kwamba yeye atakaa na vijana, na hawa wakizeeka atatafuta wengine wadogo zaidi, maana wanamchangamsha akili. Watu wakacheka. Lakini jamaa hakuwa anatania, alifanya hivyo miaka thelathini na sita.

Hebu fuata kiti kimoja tu, cha tarumbeta. Mwaka ule wa 1954 alikikalia Clifford Brown. Mwaka 1958 akaja Lee Morgan, ana miaka ishirini. Morgan alipoondoka mwaka 1961 akaketi Freddie Hubbard. Mwaka 1980 akafika Wynton Marsalis wa New Orleans, mtoto wa miaka kumi na minane, na baada yake Terence Blanchard wa mji uleule. Kila mmoja wao alijipatia jina lake na bendi yake. Blakey aliwataka pia watunge, wasipige nyimbo za wenzao tu. Wayne Shorter, mpuliza saksafoni aliyeingia mwaka 1959, alitunga humo mpaka akawa mkurugenzi wa muziki wa bendi. Na mkubwa mwenyewe alikaa nyuma kwenye ngoma. Kijana akilegea alisikia ngoma zinamsukuma mgongoni, akitaka kusema jambo ngoma zinashuka zinamwachia njia.

Na wanawake pia walikuwa walimu, wala si wadogo. Betty Carter, mwimbaji aliyekulia Detroit, alianza na bendi ya Lionel Hampton mwaka 1948. Alipoona kampuni kubwa za santuri hazimtaki alivyo, akaanzisha lebo yake mwenyewe, Bet-Car. Wapigaji wake aliwachagua vijana wabichi, na wengi waliopita kwake wakawa mabingwa: John Hicks na Mulgrew Miller katika piano, Lewis Nash na Kenny Washington katika ngoma. Alibadilisha mwendo wa wimbo jukwaani bila kuwaonya, polepole ghafla, kasi ghafla, ili kijana asilale. Na hakupenda kuiga. Ukimletea sauti ya bingwa wa zamani, atataka kujua yako iko wapi. Mwaka 1993 alianzisha mpango ulioitwa Jazz Ahead, kule Brooklyn, kuwakusanya vijana kutoka sehemu mbalimbali, wafanye mazoezi naye na mwishowe wapande jukwaani mbele ya watu pamoja na tungo zao. Alifariki Septemba 1998, mwaka uleule mpango huo ulipopelekwa Washington, katika jumba la Kennedy Center, ukaendelea bila yeye.

Sasa turudi Temeke. Niliposoma haya yote nilirudi kwa mzee barazani, nikamwuliza kama nami naweza kukaa koneti ya pili kwake. Akacheka, "Mimi sijui vitabu, mwanangu." Nikamwambia hapana, anajua kusikiliza. Tangu siku hiyo kila Jumatano namletea kahawa na kashata, namsomea. Sifa hatoi. Nilipofika sura ambayo mama wa shujaa wangu anafariki, kurasa mbili nzima za machozi, akainua mkono.

"Umepiga noti nyingi mno. Mama kafa hapo. Nyamaza kidogo."

Nikazifuta kurasa mbili, nikabakiza mistari mitatu. Ndiyo sura pekee ambayo sijaigusa tena.

Lakini kuna deni nililoahidi kulisema. Maskani kwetu anakuja dogo mmoja wa kidato cha pili, anakaa pembeni kabisa. Anaandika hadithi kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu. Mara ya kwanza alipotusomea, washikaji walinyamaza, na mimi huwa hawaninyamazii, wananipigia makofi tu. Watu wake wakizungumza unawasikia kabisa wanazungumza. Nilimpa vitabu, nikamwonesha pa kuweka nukta, nikampa kalamu zangu. Mara tatu aliniuliza hadithi zinatumwaje gazetini, na mara tatu nikamjibu, "Bado, dogo. Subiri uive." Nilijiambia namlinda. Kumbe maneno ya Oliver kwa Lil yalikuwa yangu. Ndiyo maana nilifunga kitabu nikatoka nje.

Wenzangu, sisi tunalalamika sana kwamba wakubwa hawatushiki mkono, na kwa kweli wengi hawatushiki. Lakini hakuna aliye mdogo kiasi cha kukosa wa nyuma yake. Kama wewe uko kidato cha nne, yuko wa cha pili. Tutafute wa kukaa ubavuni mwake, tukubali kupuliza sauti ya chini bila kununa, na yule anayekaa ubavuni mwetu tumdokeze kinachofuata. Siku pumzi yake ikianza kutufunika, tusimwambie asimame nyuma.

Jumamosi iliyopita nilimwita dogo, nikamwambia anakili hadithi yake kwa mwandiko mzuri, kwenye karatasi safi. Aliuliza kama sasa imeiva. Nikamwambia iliiva zamani, niliyekuwa mbichi ni mimi. Nimeileta kwa mhariri pamoja na makala hii, katika bahasha moja. Yake ndiyo iliyo juu.